Jiwe la Mikono Miwili

Nyinyi vijana mliobaki getini mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Ninaandika mwenyewe, kwa mkono huu wa darasa la saba, maana nikimpa mtu aniandikie atayalainisha, na mimi sitaki yalainishwe. Kuna watu nitawataja kwa majina. Wakikasirika, nyumba yangu wanaijua. Habari za vyeo msizitafute humu. Mlinzi wa geti hapandi popote, anasimama tu.

Nilianza kazi katika ghala la mbolea la chama chetu cha wakulima hapa Songea nikiwa kijana mwenye mbavu nzima. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe. Mkuu wa geti alikuwa Mzee Longino Mapunda, Mmatengo wa Mbinga, mfupi, mkali, anayecheka bila kufungua mdomo. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Kijana, umekuja kufunga ndoa?"

"Nimekuja kazini, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Simama pale. Leo usiguse geti. Tazama watu."

Nikatazama asubuhi nzima. Niliona matope, mifuko na migongo ya watu. Jioni akaniuliza nimeona nini, nikamwambia nimeona watu wengi. Akasema basi kesho utatazama tena.

Vyombo vyetu vya kazi vilikuwa vichache: komeo la geti, filimbi, ringi ya gari iliyoning'inia kwenye boriti pamoja na nondo ya kuigongea, na mawe. Haya mawe ndiyo nataka mnielewe vizuri, maana nyinyi mmeyakuta yamepigwa marufuku.

Msimu wa mbolea ya kupandia ukifika, wakulima walikuja kutoka Hanga, kutoka Peramiho, kutoka kila bonde. Aliyefika jioni hakukaa kwenye baridi ya kwetu hii mpaka kunakucha. Aliweka jiwe lake kwenye mstari mbele ya geti, akaenda kulala kwa ndugu. Jiwe lilimshikia nafasi. Mmoja alilifunga kipande cha kanga, mwingine alilichora kwa mkaa, mwingine alilijua tu kama mtu anavyomjua mbuzi wake. Asubuhi Mzee Mapunda akigonga ringi, wote waliokuwa wamekaa kwenye baraza la mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara walivuka, kila mtu akaenda kwa jiwe lake, akaliinua, akalishika kifuani kwa mikono miwili, akasogea nalo hatua kwa hatua. Getini alilishusha kwenye lundo, ndipo aingie. Hukushusha jiwe, hukuingia.

Na Mzee hakukubali jiwe dogo. Hapo ndipo palikuwa na kelele kila siku.

"Mama, hilo jiwe au kokoto?"

"Mzee, kwani mbolea mnapima kwa mawe?"

"Kalete la mikono miwili."

"Nina mtoto mgongoni!"

"Mtoto yuko mgongoni, mikono iko mbele. Kalete. Nyinyi Wangoni mlibeba ngao na mikuki, jiwe linawashinda?"

Watu walicheka, mama akatukana kidogo kwa Kingoni, akaenda kuleta kubwa. Nilimuuliza Mzee kwa nini la mikono miwili. Akaniambia, "Wewe fanya." Nikafanya. Miaka ikaenda, na katika miaka ile sikuona mtu akiumia pale zaidi ya kukanyagwa kidole. Watu walipita getini kama maji ya mtaro. Ukimgusa mmoja anasogea, anayemfuata anajaza nafasi, mambo yanakwenda.

Sasa nakuja kwa siku yenyewe.

Meneja wetu alikuwa Fidelis Haule. Aliambiwa kuna mgeni mkubwa wa mkoa atapita kukagua. Alfajiri, kabla wenye mawe hawajarudi, Haule aliamuru mawe yote yatupwe mtaroni. Alisema yanafanya uwanja uonekane kama machimbo. Mzee Mapunda alikataa. Haule akaleta vibarua wa kupakia magari, wakayatupa. Nilikuwepo, na nilimsikia Mzee akisema, "Meneja, unajua unatupa nini?" Haule akajibu, "Natupa mawe, Mzee. Wewe unaona dhahabu?"

Watu wakaja. Kila mtu alikwenda pale alipoacha jiwe lake, akakuta uwanja umefagiwa. Wakawa wanazunguka wakiuliza, jiwe langu liko wapi, mimi nilikuwa nyuma ya yule mama wa kanga ya njano, yuko wapi mama wa kanga ya njano. Wakati huohuo Haule akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba mbolea iliyokuja haiwatoshi wote, na geti litafunguliwa upande mmoja tu. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Alitaka tu kusikika.

Mimi nilikuwa nje ya geti, nimetumwa nikiwa na debe tupu kuzoa mbolea iliyomwagika pale magari yanaposhusha. Kando yangu alikuwa Osmund Nyoni, mlinzi mwenzangu, rafiki yangu, tuliyekuwa tukigawana togwa mchana. Watu wakaja mbele. Mwanzoni walikuwa bado maji: unasukumwa, unasogea. Halafu, sijui niseme vipi, yakaganda. Nilitaka kuinua mguu, mguu haukuinuka. Kisha nikagundua miguu yangu haiko chini. Tulikuwa tunayumba wote pamoja, kushoto, kulia, kama mti mmoja mkubwa, na hakuna aliyekuwa anayumbisha. Kelele zilikuwepo, halafu zikaisha. Watu wengi vile, na kimya. Sauti inataka pumzi.

Debe lilikuwa kifuani pangu, mikono yangu imebanwa juu yake. Osmund alikuwa ananitazama, uso wake karibu na wangu, mikono yake imebanwa chini kando ya mapaja.

"Kasian," akasema, taratibu sana, "shusha hilo debe. Linaniumiza."

"Siwezi, Osmund. Halishuki."

Hayo ndiyo tuliyosema. Alikufa akiwa amesimama, na alibaki amesimama kando yangu mpaka wale wa nyuma walipoachia. Mimi nilitolewa na mbavu zilizovunjwa na ukingo wa debe lile, na pumzi yangu mpaka leo inapiga mluzi nikipanda mlima. Waliokufa wengine wana ndugu zao wa kuwaandika. Mimi namwandika Osmund.

Ikaundwa kamati. Katibu wake alikuwa Damas Tawete, mtu wa mwandiko mzuri, aliyekuwa akila kwa Haule kila Jumapili. Tawete ndiye aliyeandika kwamba wananchi walikosa nidhamu na wakajikwaa kwenye mawe yaliyowekwa na mkuu wa geti. Mawe yaliyokuwa mtaroni! Nilikwenda na bandeji zangu kusema mawe hayakuwepo. Tawete akaniambia, "Pole sana, Kasian, ulipata mshtuko, huwezi kukumbuka sawasawa." Mzee Mapunda akafukuzwa kazi. Ukutani likapigiliwa bango lile la mbao mnalolijua: MAWE HAYARUHUSIWI. Wajane wa siku ile walikuwa wakipishana na Mzee barabarani kama mtu mwenye ukoma, mpaka akahamia Peramiho kwa binti yake kufuga nguruwe. Tawete amekwisha kufa. Sikwenda msibani. Haule alistaafu akapewa kuku wawili na saa ya ukutani.

Mimi nikabaki getini. Watu waliniuliza unawezaje kurudi pale. Niliweza kwa sababu nilikuwa na swali, na swali lilikuwa pale. Maji yanaganda kwa baridi. Watu wanaganda kwa nini? Nani aliyesukuma? Nilikuwa katikati, na nawaambia kweli, hakuna aliyekuwa karibu nami aliyekuwa akisukuma. Wa nyuma nao niliwauliza baadaye, mmoja mmoja, wakasema walikuwa wanatembea tu.

Nikaanza kutazama kila kitu kinachokwenda kwa wingi. Nguruwe wakitolewa zizini siku ya mnada: wawili wanakwenda mlangoni kwa pamoja, wanakwama, wa tatu anapiga kelele. Kumbikumbi wakitoka shimoni mvua ikikatika. Siafu walinisumbua zaidi. Siafu ni wengi kuliko wakulima wa mkoa mzima, wanakutana uso kwa uso kwenye njia nyembamba kama kamba, wengine wamebeba, wengine mikono mitupu, na hawagandi. Mke wangu alikuwa akinikuta nimechuchumaa, ananiuliza, "Leo wamekuambia nini?"

"Bado."

"Wakikuambia, waulize na sukari imekwenda wapi."

Miaka ikapita hivyo, mpaka msimu mmoja nikamwona dada amesimama kwenye baraza la mashine ya kusaga, ameelekeza simu kwenye foleni. Nikavuka barabara na filimbi yangu.

"Dada, hapa hapapigwi picha."

"Shikamoo, baba. Sipigi picha za watu. Nachukua mwendo wao."

"Mwendo unachukuliwa kwenda wapi?"

Akacheka. Jina lake Upendo Kapinga, mzaliwa wa hapahapa, anafundisha fizikia chuo kikuu, alikuja likizo kumsaidia mama yake kubeba mbolea. Kazi yake, alisema, ni kutafuta namna vitu vinavyojisukuma vyenyewe vinavyokwenda pamoja. Mchanga ukiubana unakuwa mgumu, lakini mchanga haujisukumi. Kitu ambacho kila punje yake ina safari yake na haraka yake, hicho bado wanakitafuta: lini kinatiririka, lini kinakuwa ukuta. Nilishika nguzo ya baraza. Mtu mwingine duniani alikuwa na swali langu, na alikuwa analipwa mshahara.

Nikamkaribisha kwenye kibanda cha geti. Akafungua kompyuta, akanionyesha uwanja wenye mlango, na vidoti vingi.

"Huyu nani?"

"Mkulima, baba."

"Mbona hana mfuko?"

"Mfuko tutampa baadaye. Kwa sasa nimempa mambo matatu tu. Anataka mlango, hapendi kugusana na mwenzake, na ana haraka. Haraka unaipunguza au unaiongeza hapa."

Akaniachia. Nikaweka haraka kidogo, vidoti vikapita kama maji. Nikaongeza, vikapita zaidi. Nikaongeza tena, vikaganda mlangoni kama upinde, havitoki, na vya nyuma vinazidi kuja. Kadiri nilivyovipa haraka ndivyo vilivyochelewa. Chakula cha mchana kilipoa pale. Hakuna kidoti kilichokuwa kibaya. Kila kimoja kilikuwa kinakwenda tu.

Ndipo nikamweleza habari ya mawe, na Mzee, na bango. Nikamwomba aviwekee vidoti mawe tuone. Niliona kama Mzee amekwisha kusafishwa jina.

Upendo alishinda na kazi hiyo siku ile na kesho yake. Alikipa kila kidoti jiwe lake mstarini, akavituma vyote kutoka barazani kila kimoja kiende kwa jiwe lake. Vikaenda vikikatizana, vikagongana, vikaganda vibaya kuliko mwanzo. Akarudia. Vikaganda. Akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe.

"Kwa hiyo Tawete alisema kweli," nikamwambia.

"Baba, mimi siwezi kuipindisha hesabu ili ikufurahishe."

"Sijakuomba uipindishe."

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Siku mbili sikumsemesha. Nilikuwa naogopa kwamba nimemlilia Mzee miaka yote hiyo bure, na kwamba Haule alikuwa sahihi kwa bahati. Kisha nikakumbuka kitu. Vidoti vya Upendo vilikwenda kwa jiwe, vikasimama hapo, halafu vikakimbilia mlangoni mikono mitupu. Sisi hatukuacha mawe chini. Tuliyabeba.

Nikaenda Peramiho. Mzee Mapunda nilimkuta akiwamwagia nguruwe pumba, amekonda, ukali uleule.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Siku hizi umeacha mashati meupe."

Nikamuuliza lile swali ambalo zamani alinijibu nifanye tu. Kwa nini la mikono miwili? Nilitega sikio, maana nilitegemea kusikia siri kubwa.

"Wezi," akasema.

"Wezi?"

"Wezi wa mifukoni, Kasian! Foleni ilikuwa imejaa wezi. Mtu mwenye jiwe la mkono mmoja, mkono wa pili uko mfukoni mwa jirani. Mwenye jiwe la mikono miwili ataiba na nini, na meno?" Akacheka bila kufungua mdomo. "Ulifikiri nini?"

Sikumwambia nilichofikiri.

Niliporudi nilimwonyesha Upendo kwa vitendo. Nilibeba jiwe kifuani nikasimama katikati ya kibanda. Alinizunguka. Alijaribu kunisogelea kwa mbele, jiwe likamzuia. Alijaribu kwa ubavu, kiwiko changu kikamzuia. Akaketi ghafla kwenye kompyuta. Akavipa vidoti nafasi mbele ya kifua, nafasi ambayo haibanwi hata ukisukumwa, na akavipunguzia haraka kidogo kwa sababu mwenye mzigo hakimbii. Kisha akaviacha vitoke barazani.

Vilikatizana, vilisongana, mara mbili nilidhani vimeganda. Havikuganda. Vilikuwa vinajibana vinaachia, vinajibana vinaachia, kama mtu anayepumua.

Aliirudia mara nyingi, akaibadilisha hivi na vile, maana hajiamini upesi. Mwisho akasema, "Baba, hii inaonyesha inawezekana. Haisemi ndivyo ilivyotokea. Na siku ile ulikuwepo wewe, siyo mimi." Halafu akauliza, akiwa bado anatazama kioo, "Siku ile wewe ulikuwa umeshika nini?"

"Debe," nikasema. "Ndilo lililonivunja mbavu."

 Vidoti viliendelea kupita. Nilikuwa nimelichukia debe lile miaka yote. Nililitoa uani nikalipiga kwa shoka mpaka likawa bati. Nilikuwa nimesimulia katika kila baa ya mji huu jinsi lilivyonivunja. Na lilikuwa limenishikia nafasi ya pumzi, upana wa debe moja. Osmund mikono yake ilikuwa chini. Msiniambie jambo hili linafariji. Lakini nilikuwa nimeuliza miaka mingi kwa nini yeye na siyo mimi, na sasa nilijibiwa, na jibu lilikuwa la bati.

Msimu uliofuata ndio ulikuwa wangu wa mwisho, mbavu zilikuwa zimekataa. Meneja alikuwa Bi Rehema, mtu wa Tanga, mnayemfahamu. Nilimwomba jambo moja kabla sijaondoka: bango litoke, mawe yarudi. Alitusikiliza, mimi na Upendo aliyekuwa amerudi likizo, mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mzee Kasian, Mungu akuhifadhi. Wananchi wana hasira, mbolea imechelewa, na wewe unataka niwape mawe mkononi?"

"Mikononi, Bi Rehema. Yote miwili. Jaribu kurusha jiwe ulilolikumbatia."

Akafikiri. Akaagiza aletewe jiwe ofisini. Akalikumbatia, akazunguka nalo mbele ya meza yake mpaka mhasibu akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Akalishusha taratibu. "Siku moja," akasema. "Mkiniumizia mtu, inshallah haitatokea, nawafukuza wote, hata wewe unayestaafu."

Siku hiyo nyinyi mlikuwepo, sina haja ya kuwasimulia jinsi mlivyokuwa mnanicheka. Nilining'iniza ringi mwenyewe. Nilisimama getini kama alivyosimama Mzee, na roho yangu ilikuwa mdomoni, kwa sababu vidoti havina watoto mgongoni. Nikagonga. Wakavuka barabara, wakatafuta mawe yao, wakalalamika, wakainua. Katikati ya asubuhi walisongamana mpaka nikaanza kuwasikiliza, kelele zipo au zimeisha. Zilikuwepo. Mtu alimwambia mwenzake jiwe lako lina harufu ya kuku. Wakacheka. Wakapita.

Ndipo nikamwona. Amezeeka, ana fimbo, amekuja kununua mbolea ya kukuzia kama mkulima mwingine yeyote. Fidelis Haule. Nyuma yake mtu alikuwa amemsaidia kushika fimbo, na mkononi mwake Haule alikuwa na kijiwe cha kutosha kukandamizia karatasi.

"Jiwe, Bwana Haule," nikamwambia.

Akanionyesha.

"La mikono miwili."

"Kasian. Bado una kinyongo mpaka leo?"

"Ninacho. Lakini jiwe kwanza."

Watu walikuwa wanatazama. Wengine walimjua, wengine hawakumjua, waliona mzee tu anayechelewesha foleni. Mama mmoja akasema, "Baba, kalete kubwa, sisi sote tumebeba." Haule akageuka. Aliinama mtaroni, palepale, polepole, akatoa jiwe lenye matope, akalikumbatia juu ya shati lake safi. Alirudi mwisho wa mstari. Alisogea nalo hatua kwa hatua mpaka akafika kwangu, akalishusha kwenye lundo, akaingia. Hatukupeana mikono.

Jioni nilimpigia simu Mzee Mapunda. Nilimsimulia yote, na siku ilivyokwenda, na kwamba hakuna aliyeumia. Hayo aliyasikiliza kama mtu anayesubiri kitu kingine.

"Haule alibeba?"

"Alibeba, Mzee."

"Kwa mikono miwili?"

"Miwili."

Nikasikia nguruwe wake wakigombania chakula. "Basi lile bango," akasema, "mlitoe leo hii. Mbao zake ni za mninga, msizichome moto. Niletee nitengenezee mlango wa zizi. Hawa wangu wanakwama."

Bi Rehema aliruhusu mawe yabaki na bango litoke, nikampelekea mwenyewe. Maandishi ameyageuzia ndani, yanasomwa na nguruwe. Nyinyi mliobaki, ringi naiacha kwenye boriti, nondo iko nyuma ya mlango wa kibanda. Mtu akiwaletea kokoto, mrudisheni. Na mkiona wameacha kupiga kelele, fungueni kila kitu.